Ndiyo ya Sheikh Humud

Kosa langu kubwa kuliko yote lilipigiwa makofi. Nawaambieni mapema, vijana mnaofasiri siku hizi katika ofisi zenye feni na kamusi tatu mezani, msije mkadhani kosa huja na sura mbaya. Langu lilikuja siku ya Ijumaa baada ya sala ya alasiri, watu wamevaa kanzu safi, wakalishangilia, nami nikarudi nyumbani natembea kama bwana harusi.

Kazi yangu ilikuwa kuandika barua na kufasiri. Meza ilikuwa ya Mzee Yohana kabla haijawa yangu, na ilikaa chini ya kipenu cha duka la vitambaa, hatua chache kutoka Ngome ya Yesu, hapa Mombasa. Zamani hizo Ngome ilikuwa jela, si mahali pa kupigia picha, na mahakama ilikuwa karibu hapo hapo, basi wateja hatukuwakosa. Asubuhi alikuja mwenye mtoto ndani, anataka barua ya kuomba kumwona. Mchana alikuja hamali wa bandarini na karatasi ya Kiingereza aliyopewa kazini, hajui kama amepandishwa cheo au amefukuzwa. Nilimsomea mmoja barua ya kufukuzwa, akanishika mkono kwa furaha. Alisema mkewe alikuwa akiomba dua ya jambo hilo hilo miaka miwili, ili warudi kwao Taita.

Mzee Yohana alikuwa mtu wa Rabai, Mkristo, mzee wa kanisa. Alifasiri mahakamani miaka mingi mpaka macho yakaanza kumsumbua, ndipo akajitoa na kufungua ile meza. Mwezi wa Ramadhani alikuwa akienda kunywa chai yake nyuma ya duka ili asinitamanishe, na akirudi alifuta midomo kama mtoto aliyekula sukari ya mamake. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na alinifundisha kwa makosa yangu mwenyewe, maana niliyatoa kwa wingi.

Mwaka wangu wa kwanza alikuja mama mmoja mjane na barua ya Kiingereza. Sasa, Kiingereza kina neno moja ambalo laweza kuwa mtu aliyechelewa, na laweza kuwa marehemu. Mimi nilijua ile maana ya kwanza tu. Nikamwambia yule mama, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba mabwana wanasema mumewe amechelewa. Akanitazama kwa huruma.

"Waambie wasimngoje, mwanangu," alisema. "Eda yake nimeimaliza mwaka juzi."

Mzee Yohana alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanikalisha, akanipa masharti yake. Nisifasiri mteja akiwa amesimama, kwa sababu mtu aliyesimama hukuharakisha hata akinyamaza. Niweke rula chini ya kila mstari, nisiruhusu jicho kukimbilia chini kabla ya wakati. Nisome karatasi yote mpaka mwisho, nipumzike, niisome tena, ndipo niguse kalamu. Nilikubali yote. Kwa muda niliyafuata, kisha nikawa hodari, na mtu akishakuwa hodari huionea haya rula. Nikaitia mtotoni mwa meza, ndani ya droo.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa Awadh aliponijia.

Awadh alikuwa fundi wa saa katika mtaa wa Kuze. Duka lake lilikuwa na upana wa mlango mmoja, na ndani kulikuwa na saa zaidi ya hamsini ambazo zote zilisema jambo moja. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, asiyepaza sauti, lakini hakuweza kuvumilia saa inayokwenda mbele dakika mbili. Ukipita barazani kwake alikushika mkono, akatazama saa yako, akairekebisha bila kuulizwa, kisha ndipo akakwambia masalkheri.

Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha, na uchaguzi wa kiti cha Waarabu katika Baraza la Kutunga Sheria ulikuwa karibu. Wajukuu zangu hawaamini nikiwaambia, lakini wakati huo kila jamii iliyoruhusiwa ilikuwa na mlango wake wa kuingilia Baraza lile, na jamii nyingi hazikuwa na mlango kabisa. Kiti hicho kilichaguliwa na wanaume walioandikwa kuwa Waarabu, basi. Mimi sikuwamo, Mzee Yohana hakuwamo, na wanawake hawakuwamo wa jamii yoyote. Hata hivyo mji mzima ulikuwa ukizungumza habari hizo, sokoni, msikitini na madirishani.

Aliyekuwa akikikalia kiti hicho ni Sheikh Humud. Nataka mumjue vizuri, kwa sababu ukisikia hadithi hii juu juu utamdhania mtu mbaya, naye hakuwa hivyo. Alikuwa mzee mnene, mwenye ndevu nyeupe na nyumba nyingi za kupangisha, mkarimu kupita kiasi. Ukifiwa, yeye alikuwa wa kwanza kufika. Ukimwoza mtoto, mbuzi wake alitangulia wageni. Alikwenda na kurudi Nairobi miaka mingi, na kila akirudi watu walimlaki na kumwuliza hali, safari na baridi ya huko.

"Hakuna anayemwuliza alisema nini," Awadh aliniambia. "Mimi nataka kujua mkono wake uliinuka wapi."

Awadh alikuwa ametangaza kushindana naye, na watu walimcheka kidogo kidogo, kwa heshima. Yeye hakuona la kucheka. Alimwendea wakili mmoja wa Kihindi aliyekuwa akiletewa kumbukumbu za Baraza kutoka Nairobi, akaazima kitabu chenyewe, kinene kama tofali, kwa siku moja. Awadh alisoma Kiarabu vizuri, lakini Kiingereza kilimpita. Akakileta mezani kwetu, akaniomba nimtolee kila kura ambayo Sheikh Humud aliipiga.

Bahati mbaya Mzee Yohana alikuwa Rabai akimwoza mjukuu wake. Nilikuwa peke yangu, wateja wanne wamesimama mbele yangu, na kitabu kinatakiwa kurudi kabla ya magharibi. Nikakipekua, na baada ya muda nikagundua njia ya mkato. Kila mjadala ulikuwa na jina la mswada juu kwa herufi nene. Mwishoni kulikuwa na safu mbili za majina, waliosema Ndiyo na waliosema Hapana. Basi nikawa nasoma jina la mswada, naruka katikati yote, natua kwenye majina, namtafuta Sheikh Humud. Kazi ya siku nzima niliimaliza kwa saa mbili. Nilijiona nimezaliwa kwa kazi ile.

Nilipata kura kumi na moja. Kumi zilikuwa za mambo ambayo hayakumgusa mtu wa Kuze hata kidogo, kama chanjo za ng'ombe na mipaka ya mashamba ya bara. Ya kumi na moja ilinifanya niinue kichwa. Mswada wenyewe uliletwa na mjumbe mmoja mwenye majumba yake, akitaka mwenye nyumba aruhusiwe kumhamisha mpangaji kwa notisi ya mwezi mmoja, bila kueleza sababu. Nikaenda moja kwa moja kwenye majina. Sheikh Humud alikuwa katika safu ya Ndiyo. Nikaandika kwa wino mweusi: alikubali.

Ijumaa ile Awadh alisimama katika kiwanja nyuma ya msikiti, akasoma karatasi yangu kama anavyosoma orodha ya vipuri vya saa, bila kupandisha wala kushusha. Zile kura kumi watu walizisikiliza kwa adabu. Alipofika ya kumi na moja, watu wakasogea mbele. Wengi waliokuwa pale walikuwa wapangaji, na wengi walikuwa wapangaji wa Sheikh Humud mwenyewe. Awadh akaeleza kwamba mswada ule bila shaka haukupita, maana hatukupata kuusikia ukiwa sheria, lakini mtu aliyeupigia kura mara moja ataupigia tena ukirudi. Hapo ndipo watu waliposimama. Makofi yalikuwa mengi mpaka kunguru wakaruka kutoka paani. Awadh, kwa uungwana wake, akaninyoshea mkono na kusema Bakari ndiye aliyetufasiria, na makofi yakanigeukia mimi.

Nilifika nyumbani nikamkuta mama yangu, Bi Mishi, amekunja majamvi yote na kuyafunga kamba. Habari ilikuwa imemfikia kwa njia ya madirisha kabla mimi sijavuka uchochoro wa pili. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili katika nyumba ya Sheikh Humud tangu mimi sijaota ndevu.

"Njoo unishikie ncha hii," aliniambia. "Mwezi mmoja si kitu, utafika kesho."

Nilimwambia sheria haikupita. Akasema yeye hataki kukutwa hajajiandaa. Wiki nzima tulilala juu ya magunia, na majamvi yetu yamesimama pembeni kama wageni wanaongoja kuagwa.

Watu wote walitarajia Sheikh Humud atakanusha. Jumapili alikusanya watu barazani kwake, nami nikaenda, nikasimama nyuma. Hakukanusha. Alisema ni kweli aliunga mkono mswada ule na alikuwa na sababu zake. Kisha akazitoa. Mwenye nyumba naye ni binadamu. Kuna wapangaji wanaofanya mlango kuwa kuni. Kuna wanaolalamika paa linavuja hali wenyewe hupanda juu kuanika papa. Alizungumza karibu saa nzima, akijifuta jasho kwa kilemba, na wenye nyumba wenzake waliokaa mbele wakawa wanaitikia kila sentensi. Niliondoka pale nimeridhika kabisa. Mshtakiwa alikuwa amekiri. Mfasiri anataka nini zaidi?

Jumatatu Mzee Yohana alirudi na kifurushi cha keki ya harusi. Nilimsimulia habari yote bila kupumua, nikamwonyesha karatasi yangu. Aliisoma, akaila keki yake polepole, akaisoma tena.

"Swali lilikuwa lipi?" aliniuliza.

Nikamwuliza swali gani.

"Mtu hasemi ndiyo hewani, Bakari. Aliulizwa jambo, akajibu. Waliulizwa nini?"

Nilifungua daftari langu. Nilikuwa na jina la mswada na nilikuwa na majina ya watu. Katikati hapakuwa na kitu. 

 Mzee Yohana alivuta mtoto wa meza, akaitoa rula, akaniashiria nifunge taipureta. Tukaenda kwa wakili, tukamwomba kitabu, tukakaa katika kibaraza chake. Mzee aliweka rula chini ya mstari wa kwanza wa mjadala na akanitaka nisome kwa sauti, mstari kwa mstari, kurasa kumi na sita. Katika ukurasa wa kumi na tano tulilikuta.

Niwaeleze, maana hata leo jambo hili huwapiga chenga watu wenye shahada. Katika mabaraza ya namna ile kuna njia ya adabu ya kuua mswada. Hakuna anayesimama akasema tuutupe. Husimama mtu akasema kwamba mswada huu usisomwe leo, usomwe baada ya miezi sita. Miezi sita ikifika kikao kimekwisha, na hakuna anayeukumbuka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku ile. Mjumbe mmoja alitoa hoja ya miezi sita, na hiyo ndiyo iliyopigiwa kura. Aliyesema Ndiyo alikuwa akisema mswada wa kuhamisha wapangaji ufe. Aliyesema Hapana ndiye aliyeutaka uendelee. Na hoja ile ilishinda kwa tofauti ya kura moja; mimi sikuwa nimehesabu majina, ama ningeshangaa Ndiyo zimezidi na sheria haipo.

Tulitazamana, mimi na Mzee Yohana. Sheikh Humud hakuwa amepiga kura ya kutuhamisha. Mkono wake ndio uliotuokoa, na Jumapili alikuwa ametumia saa nzima kuutetea mswada alioua mwenyewe.

Mzee Yohana alianza kutikisika mabega. Mimi nilitaka kulia, yeye akacheka mpaka karani wa wakili akatoka nje kuangalia. Kisha akafuta macho, akaniambia twende kwa Awadh sasa hivi, kabla sijapata muda wa kutafuta maneno mazuri.

Awadh alinisikiliza na kioo chake kikiwa bado kimebanwa jichoni, saa ya mtu imefunuliwa mbele yake. Nilipomaliza alikivua kioo, akakiweka juu ya kitambaa. Akauliza ni nani mwingine anayejua. Nikamwambia ni sisi watatu. Mara ya kwanza maishani nikasikia zile saa hamsini zote.

"Lakini yeye mwenyewe amekubali," alisema.

Wanangu, hapo ndipo palipokuwa pagumu. Alikuwa amesema kweli. Hakuna mtu Mombasa ambaye angekwenda kufukua kurasa kumi na sita za Kiingereza. Sheikh Humud mwenyewe alikuwa ameshuhudia dhidi yake, mbele ya watu. Kiti kilikuwa kimeshaanza kumwelekea Awadh. Hata waliokuwa wakimcheka walikuwa wakimwachia nafasi ya mbele msikitini. Kilichotakiwa ni sisi watatu kunyamaza tu. Na mimi, nisiwafiche, nilitamani aseme tunyamaze. Kwa sababu jina langu lilikuwa limetajwa. Nani angeleta barua yake kwa mfasiri aliyeugeuza mji mzima kichwa chini?

Awadh aliniambia nimwache mpaka kesho.

Asubuhi tulimkuta mezani kwetu, ameketi kwenye kiti cha wateja, anatungoja. Alisema tangu jana hajaweza kufunga saa hata moja, kila skrubu inamtoka. Alisema pia kwamba alitaka kumlaumu Sheikh kwa kura zake za kweli, na kama kuna moja ya uongo basi orodha yote haina maana. Ijumaa inayokuja yeye na Sheikh walikuwa wamekubaliana kusimama pamoja katika kiwanja kile kile. Siku hiyo, alisema, jambo litasahihishwa, na atakayelisoma ni mimi.

Nilimwomba alisome yeye. Akakataa, akasema yeye hajui Kiingereza, na watu watataka kumwuliza mtu anayejua. Nikamgeukia Mzee Yohana anitetee. Badala yake akanisimulia kwamba siku moja mahakamani alimkatiza hakimu katikati ya hukumu ili kusema kwamba neno moja alilofasiri asubuhi halikuwa sawa. Hakimu alimfokea robo saa. Tangu siku ile hakimu yule hakukubali kuletewa mfasiri mwingine ila yeye.

Ijumaa kiwanja kilijaa mpaka uchochoroni. Madirisha ya juu yote yalikuwa wazi kidogo, kama macho ya mtu anayejifanya amelala. Muuza kahawa alinipa benchi lake nisimame juu yake. Nilisema mimi ni Bakari, ndiye niliyefasiri, na nilikosea. Kisha nikawasomea swali lenyewe kama lilivyoulizwa, kwanza Kiingereza, halafu Kiswahili, halafu Kiswahili tena polepole. Nikawaambia Sheikh Humud alisema mswada ufe, na ulikufa kwa kura moja, na kila mpangaji aliyekuwa pale angeweza kuihesabu kura hiyo kuwa ya Sheikh.

Hapakuwa na makofi. Watu walikuwa wakifikiri. Nikaona jambo hilo likipita usoni kwa mtu mmoja mmoja, mpaka likamfikia mzee mmoja mshona viatu aliyekuwa amekaa nyuma kabisa. Akauliza kwa utaratibu, kama mtu anayetaka kujua tu.

"Basi Jumapili alikuwa akitetea nini?"

Kicheko kilianza kwake, kikaja mbele safu kwa safu. Kilifika madirishani, na huko juu nikasikia sauti niliyoijua, ya mama yangu, ikiwazidi wote. Wale wenye nyumba waliokuwa wakiitikia Jumapili wakawa wanatazama viatu vyao. Sheikh Humud alikuwa amekaa, mdomo wazi, akinitazama mimi, kisha Awadh, kisha mimi.

Awadh alipanda benchi kabla kicheko hakijaisha. Aliomba radhi mbele ya watu, kwa jina la Sheikh na la babake, akasema alimsingizia. Kiwanja kikatulia. Kisha akaongeza jambo ambalo nadhani ndilo lililokuwa moyoni mwake tangu siku ya kwanza, ila hakuwa amepata namna ya kulisema. Alisema sasa lawama yake imebaki moja, nayo si ya namna Sheikh alivyopiga kura. Ni kwamba Sheikh hakujua alivyopiga.

Nilidhani mzee atakasirika. Aliinuka taratibu, akijisukuma kwa bakora, na akangoja mpaka watu wote wamemtazama.

"Wallahi ni kweli," alisema. "Sikujua."

Akaeleza bila kuficha. Kule Nairobi wanazungumza Kiingereza cha haraka, na karatasi wanazogawa ni nyingi. Yeye alikuwa akikaa karibu na mjumbe mmoja rafiki yake aliyejua sheria, na rafiki yake akisema ndiyo, naye alisema ndiyo. Miaka yote hiyo aliona haya kuuliza. Kila mwaka uliopita haya ilizidi, kwa sababu watu walimdhania anajua. Awadh alipoisoma kura ile, yeye alidhani Awadh amesoma sawa, maana yeye mwenyewe hakukumbuka.

"Na zile sababu," alisema, na hapo uso wake mkubwa ukaanza kulegea, "zile sababu zote nilizitunga Jumamosi. Nilitaabika nazo sana. Sikubaliani hata na moja."

Sijapata kusikia kicheko kama kile kabla wala baadaye. Yeye mwenyewe alicheka mpaka ikabidi Awadh amshike mkono asianguke, na waliokuwa mbali, waliowaona tu bila kusikia, walidhani wameshapatana na mmoja amejitoa.

Hakuna aliyejitoa. Uchaguzi ulifanyika, na Sheikh Humud alishinda, lakini kwa kura chache kuliko wakati wowote. Watu walimrudisha kwa sababu alisema kweli alipoulizwa, na wakampunguzia ili asisahau. Awadh alikwenda kumpa mkono siku ile ile. Alirudi dukani kwake na kufungua saa ya mtu kana kwamba alikuwa ametoka kunywa maji.

Mama yangu alipelekewa salamu na Sheikh kwamba afungue majamvi yake. Alimrudishia salamu kwamba ameshayafungua, na kwa kuwa Sheikh ameyataja mapaa yanayovuja mbele ya watu, la kwetu linavuja juu ya kitanda, na yeye hajapata kuanika papa. Fundi alikuja wiki ile ile.

Na wateja? Siku ya kwanza baada ya Ijumaa ile niliogopa kwenda mezani. Nilikuta watu saba wamekaa wanangoja. Mmoja alikuwa na barua ambayo nilikuwa nimeshamfasiria mwezi uliopita. Alisema anataka niisome tena, na rula.

Sheikh Humud alikuja mezani kwetu kabla ya kikao cha kwanza, na mkoba wa ngozi uliojaa karatasi kutoka Nairobi, nyingine hazijafunguliwa bahasha. Alisema anataka kila moja isomwe mpaka mwisho. Mahali alipochagua pa kusomea ni barazani kwa Awadh, baada ya alasiri, kila mtu anayetaka kusikia asikie. Awadh alitoa viti. Walibishana tangu karatasi ya kwanza, wale wawili, na walibishana hivyo miaka yote iliyofuata, kwa raha kubwa.

Nakumbuka siku hiyo ya kwanza kulikuwa na pendekezo la kila mkokoteni wa mizigo kukatiwa leseni. Nilisoma pendekezo lenyewe neno kwa neno. Awadh akasema ni jambo jema, lina utaratibu. Mzee Yohana akaulizwa, akasema yeye haoni faida. Sheikh Humud alisikiliza, penseli mkononi, halafu akageuka akanitazama.

"Na wewe, Bakari, wasemaje?"

Nilidhani anataka nirudie kusoma, nikaitafuta mistari. Akasema la, amesikia karatasi inavyosema, anauliza ninavyosema mimi. Kazi yangu ilikuwa kubeba maneno ya watu wengine na sikuwa nimezoea kuulizwa kama nina yangu. Kisha nikamwambia hapana. Nikamweleza kwamba hamali wa soko la Marikiti hukodi mkokoteni kwa siku, leo huu, kesho mwingine, na hajui leseni itakuwa ya nani. Nikamweleza pia kwamba fomu itakuwa ya Kiingereza, basi wote watakuja mezani kwangu niwajazie, nami nitashiba kwa jambo ambalo halikuwa na haja.

Sheikh Humud aliinama akaandika, akitamka kila neno kwa midomo. Akasita, akaninyoshea penseli.

"Hebu sema tena hiyo ya pili," alisema, "na polepole. Nataka ifike Nairobi kama ulivyoisema."